Mjadala: Bayochari na umeme wa biomasi, ni kweli vyote viwili vinapunguza kaboni hewani?

Mkulima, Awasi

Watu wa Nyanza, Magharibi na nyinyi wa Nakuru, hebu tubishane hii maneno vizuri. Juzi kwa kikao cha wakulima hapa kwetu tumeambiwa bayochari (makaa ya mabaki ya shamba unayofukia kwa udongo) na umeme wa biomasi (wa kuchoma kuni na mabaki ya mimea) ni ndugu mmoja, ati zote zinapunguza kaboni iliyo hewani. Mimi nimekataa. Moja inaweza, ile ingine haiwezi, na hata hiyo inayoweza inategemea umechoma nini na hicho kitu kingeenda wapi kama haungekichoma.

Naongea kitu nimefanya kwa mikono. Baada ya mavuno nilichimba shimo kama faneli, juu pana chini limechongoka, kina cha kiuno. Unawasha mabua makavu chini, moto ukishika unaongeza magunzi safu kwa safu, ile safu ya juu inawaka na kumaliza hewa yote, kule chini magunzi yanaiva bila kuungua. Ukiona gunzi limeanza kupata unga mweupe ukingoni ujue linageuka majivu, weka safu nyingine haraka. Moshi ukizidi umeongeza kwa pupa. Mwisho unamwaga maji mtungi baada ya mtungi, shimo linachemka, mvuke unakupiga usoni, na asubuhi unatoa kitu cheusi, chepesi, ukikivunja kinalia kama kigae.

Sasa hesabu. Magunzi makavu kilo 100 yamenipa karibu kilo 25 za bayochari. Chukulia robo tatu ya hiyo ni kaboni, tuseme kilo 18, na kila kilo ya kaboni ni sawa na kilo 3.67 za kaboni daioksaidi. Kwa hivyo kama kilo 66 ambazo mahindi yalivuta hewani zimelala kwa udongo. Gunzi likiachwa lioze linarudisha karibu yote kwa miaka michache, lakini haya makaa vijidudu vya udongo haviyawezi kirahisi, yanakaa mamia ya miaka. Kule Amazon kuna udongo mweusi unaitwa terra preta, watu wa zamani waliuchanganya na makaa zaidi ya miaka 1000 iliyopita na mpaka leo ni mweusi.

Hapo nilikua nimefurahi. Shida ni kwamba mama yangu hupikia hayo magunzi. Nilipoyabeba yote kupeleka shimoni akaanza kununua makaa ya mkebe, na mwezi huo nimepiga hesabu amenunua kama kilo 10. Tanuri la udongo, lile la kufunikia magogo kwa nyasi na mchanga, linatoa kilo 10 mpaka 20 tu za makaa kwa kila kilo 100 za kuni. Kwa hivyo kilo 10 za mama zimekula kuni kilo 50 mpaka 100, na nusu ya kuni kavu ni kaboni, yaani kilo 25 mpaka 50. Mimi nimefukia 18! Na hapo sijahesabu methani, gesi nyingine ya kupasha dunia joto, inayotoka kwa ule moshi wa tanuri. Hata ukinitolea sehemu ya hiyo miti itakayochipuka tena bado sioni faida yangu iko wapi. Nisahihisheni kama nimekosea.

Mwalimu, Nakuru

Hujakosea kijana wangu, na hilo swali lako la "kingeenda wapi" ndilo watu wazima wenye suti wanaruka. Mti ukichomwa kwa boila, moshi wake una kaboni daioksaidi nyingi kuliko makaa ya mawe kwa joto lile lile. Kwa viwango vya IPCC, lile jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, kuni ni karibu kilo 112 kwa kila gigajuli (kipimo cha joto), makaa ya mawe ni kama 95. Sasa mbona inaitwa safi? Kwa sababu ya daftari. Hesabu za kimataifa zinaandika hiyo kaboni kwa upande wa ardhi pale mti ulipokatwa, upande wa nishati wanaweka sifuri ili isihesabiwe mara mbili. Wazo si baya, ubaya ni watu kusoma ile sifuri peke yake. Timothy Searchinger na wenzake waliandika hili kwa jarida la Science mwaka 2009, na bado tunarudia kosa lile lile. Uingereza kuna kituo cha Drax, kilijengwa kwa makaa ya mawe, sasa kinachoma peleti za miti, yaani vipande vya mbao iliyosagwa na kushindiliwa, zilizovuka bahari kutoka Marekani na Kanada, na kwa vitabu ni nishati jadidifu. Mti wa miaka 40 umeungua kwa sekunde, na anga itangoja miaka 40 mingine kulipwa, kama aliyekata atapanda.

Na hapa kwetu Nakuru tuna Olkaria, umeme wa mvuke wa ardhini. Ukileta umeme wa kuni useme kwanza unazima nini.

Mzee wa miwa, Muhoroni

Mwalimu heshima yako, lakini usituchanganye na Drax. Makapi ya miwa si msitu. Muwa unakatwa baada ya kama mwaka na nusu na shina lile lile linachipuka, na hayo makapi yako kwa kiwanda tayari, yakirundikwa nje yanaoza ama yanashika moto yenyewe. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilikua kinauza megawati 26 kwa gridi ya taifa kutoka kwa makapi. Umeuliza tunazima nini, mimi nakujibu: hapa hapa Muhoroni kuna mtambo wa umeme unaochoma mafuta ili Magharibi isilale giza. Zima huo.

Ila nakubali jambo moja. Hiyo ni kuacha kuongeza, si kupunguza. Kaboni ya muwa imepanda, imeshuka, imepanda tena. Anayetaka kupunguza lazima afukie kitu, na hapo namuunga mkono huyu kijana. Na afukie kwa sababu ya shamba kwanza. Udongo wetu umekua na asidi, mbolea ya DAP miaka nenda miaka rudi. Kuna majaribio yalifanywa mashambani huku Magharibi, Johannes Lehmann wa Chuo Kikuu cha Cornell akiwemo, yakachapishwa 2008, na kwa yale mashamba yaliyolimwa mpaka yakachoka bayochari ilikaribia kuongeza mahindi mara mbili. Mahindi hayo utakula hata kama hakuna mtu amekulipa dola ya kaboni, ile pesa ya kulipwa kwa kaboni uliyofukia. Kwa hizo dola pia muwe macho, sheria ya tabianchi ya 2023 inataka jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato kwa miradi ya kaboni ya ardhi, lakini hiyo ni kwa ardhi ya umma na ya jamii, wewe mwenye ekari yako na taitoli unajipigania mwenyewe.

Fundi wa majiko, Kondele

Ndugu wa Awasi, kwanza mwombe mama msamaha. Pili, mbona unachimba shimo? Joto lote linaenda angani na mama anakaa jikoni bila moto. Kuna jiko la kuwashwa kutoka juu, unajaza magunzi, moto unateremka pole pole, gesi inayotoka kwa magunzi ndiyo inapika, na mwisho sufuria ikishashuka kinachobaki chini ni hayo makaa yako. Mama amepika na wewe umepata cha kufukia. Si mengi kama ya shimo lakini hakuna mti umekatwa.

Mkulima, Awasi

Dada nimekusikia. Nimeazima hilo jiko kwa jirani na tumelijaribu siku 6. Ugali na omena vimeiva, moshi kidogo sana, mama amelipenda. Lakini jioni ya kwanza nikienda na ndoo ya maji kuzima yale makaa nikute ameshayamwaga kwa jiko la zamani, yanawaka vizuri, ameweka maharagwe juu. Akaniambia moto mzuri hivi haumwagiwi maji. Siku zote 6 imekua hivyo. Kwa hivyo nilichofukia ni sifuri, na makaa tuliyonunua pia ni sifuri. Mzee na Mwalimu, hiyo nimeiandika kwa daftari langu upande wa faida, na sitambishia mama. Cha kufukia nitakitafuta Ahero, kwa yale marundo ya maganda ya mpunga nje ya mashine za kukoboa ambayo hakuna mtu anapikia. Najua yana majivu mengi na kaboni yake ni kidogo kuliko ya magunzi. Jumamosi naenda na magunia 4, na mzani.