Kwadi ya 110cc yenye klachi ya otomatiki: inasukuma ikiwa sailensi, na mchangani inanuka kuungua

Mchanga_Laini:
Wakuu habari. Kwadi (pikipiki ya magurudumu manne) ya Kichina, injini ya kulala ya 110cc, gia tatu mbele na rivasi, haina mkono wa klachi, gia unapiga kwa mguu. Inatembea ufukweni, mchanga mlaini. Ikiwa gia ya kwanza bila kugusa mafuta inasukuma mbele mpaka ushike breki. Gia zinaingia kwa kishindo, na fri (gia huru) haipatikani mpaka uzime injini. Halafu baada ya nusu saa inanuka kuungua, injini inapiga resi lakini mwendo hauongezeki. Fundi anasema klachi nzima ibadilishwe. Kuna cha kuangalia kabla ya kununua?

Gia_Nne:
Mkuu, hela iache mfukoni kwanza. Hiyo injini asili yake ni Honda Super Cub, pikipiki iliyoanza kuuzwa mwaka 1958, na klachi yake haina siri. Ndani kuna vizito vinavyotanuka kadiri injini inavyozunguka, vikitanuka vinabana pleti, yaani sahani za klachi. Sailensi (mzunguko wa injini bila kugusa mafuta) ikiwa juu, vizito vinaanza kubana kabla hujagusa mafuta. Ndiyo huko kusukuma.

Pasha injini moto dakika kumi, weka fri, kisha shusha skrubu ya sailensi kwenye kabureta mpaka izunguke kama 1,400 hadi 1,500 kwa dakika. Huna kipimo? Shusha mpaka ikaribie kuzima, halafu pandisha kidogo mpaka itulie. Hakikisha pia kebo ya mafuta ina uchezaji wa milimita chache: geuza usukani kushoto na kulia, mlio ukibadilika kebo imebana.

Kishindo cha gia ni suala la pili. Katikati ya kava la kulia kuna nati yenye skrubu ndani yake. Zima injini. Legeza nati, zungusha skrubu mzunguko mmoja kufuata saa, kisha irudishe taratibu kinyume cha saa mpaka uhisi imegusa. Hapo simama. Rudi kufuata saa moja ya nane mpaka robo ya mzunguko, shikilia skrubu kwa bisibisi isihame, kaza nati. Wengi wanakosea hapo mwisho: nati inakazwa, skrubu inazunguka nayo, na kazi yote imepotea.

Ukiacha uchezaji mkubwa, pedeli haiachanishi pleti vya kutosha, gia zinagonga. Ukibana kupita pale ilipogusa, klachi inabaki imeachanishwa nusu muda wote, inateleza na kuungua.

Mchanga_Laini:
Shukrani mkuu. Sailensi ilikuwa juu kweli, nimeshusha, imeacha kusukuma. Skrubu nimefuata hatua zote, fri sasa inapatikana. Kuteleza bado kupo ikipata moto. Oili iliyomo ni ya gari, 20W-50.

Bisibisi_Bapa:
Hiyo 20W-50 yenyewe si lazima iwe na kosa. Ubaya ni oili za gari zilizowekwa viungo vya kupunguza msuguano, maana pleti zinaogelea humohumo. Kopo likiwa na maneno Resource Conserving, liache dukani. Tafuta lenye alama JASO MA au MA2 (kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki ambazo klachi yake iko ndani ya oili), 10W-40 inatosha. Injini nyingi za saizi hiyo zinachukua kama mililita 800, lakini mwamuzi ni kijiti.

Ikiendelea kuteleza ndipo ufungue. Mwaga oili, toa kava la kulia, andaa gasketi mpya. Juu ya klachi kuna kifuniko cha duara chenye skrubu tatu. Ndani yake uchafu wa oili hujikusanya kama tope jeusi kwenye kingo. Kwangua na osha kwa petroli. Chujio la wavu lililoko chini nalo livute, lioshe, lirudishe. Nati ya katikati ina meno manne na washa iliyokunjwa kuizuia: nyoosha washa kwanza, na tumia soketi yake. Anayeifungua kwa patasi na nyundo anakuharibia nati, na vyuma vidogo vinaangukia ndani.

Pleti za msuguano zikiwa nyeusi zinang'aa kama kioo, zimekwisha. Za chuma zilaze juu ya kioo bapa. Fila geji (kibapa chembamba cha kupimia nafasi) ya mm 0.2 ikipita chini, au ukiona madoa ya bluu, badilisha. Mpya zilaze kwenye oili usiku kucha kabla ya kufunga.

Na dereva ana sehemu yake. Mchangani watu wanapanda gia ya tatu halafu wanavuta mafuta kidogokidogo: vizito vinabana nusu, pleti zinasuguana, joto linapanda. Baki gia ya kwanza au ya pili, vuta mafuta kwa uthabiti mpaka ishike. Ikinasa, shuka usukume. Kupiga resi huku imesimama ndiko kunakoua klachi. Sproketi (gurudumu la meno la mnyororo) ya mbele yenye jino moja pungufu husaidia sana.

Enduro_Mbeya:
Naomba kuchomekea swali. Enduro (pikipiki ya njia za porini) yenye klachi ya mkono inaweza kuwekewa otomatiki bila kupoteza mkono wake?

Gia_Nne:
Inaweza. Rekluse, kampuni ya Boise, Idaho, Marekani, inatengeneza diski inayoingia katikati ya pleti zako. Injini ikizunguka, vipande ndani yake vinakimbilia nje, diski inanenepa na kubana pleti. Mkono unabaki kazini, ukiuvuta unaachanisha kama kawaida.

Ufundi wote uko kwenye kurekebisha. Injini ikiwa ya moto na iko fri, funga mpira kati ya mkono wa klachi na mshikio ili uondoe ulegevu, kisha piga resi ya ghafla. Mkono lazima uingie ndani zaidi wenyewe, kama mm 3. Usipoingia, nafasi kati ya pleti ni kubwa mno na klachi itateleza, legeza kebo. Ukiingia kupita kiasi, nafasi ni ndogo, itasukuma ikiwa sailensi. Rudia kipimo kila baada ya muda, kwa sababu pleti zinalika.

Ukiwa na diski hiyo, injini ikizimika hutaiwasha kwa kusukuma, na gia haitaishikilia pikipiki mlimani. Tia jiwe chini ya tairi kabla ya kuiacha.