Naipenda kazi ya wateja, lakini jioni zangu zimekwisha. Nishaurini

BintiWaKasarani
Hamjambo nyote. Mimi ni mhasibu katika ofisi ndogo ya ushauri wa ushuru, Upper Hill, Nairobi. Wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wadogo: wauza vipuri wa Kirinyaga Road, mafundi wa fanicha wa Gikomba, wenye saluni. Kazi hii naipenda kwa dhati. Mtu akiingia anatetemeka na barua ya KRA, mamlaka ya ushuru, mkononi, kisha akatoka ameielewa na majibu yameandikwa, siku hiyo nalala vizuri.

Ila kalenda ya ushuru haina huruma. Tarehe 9 ni PAYE, ushuru wa mishahara, tarehe 20 ni VAT, ushuru wa ongezeko la thamani, na Juni kila mtu anakumbuka kwa pamoja kwamba mwisho wa ritani, ile taarifa ya mapato ya mwaka, ni tarehe 30. Simu zinanikuta kwenye matatu ya Thika Road, mezani, hata kanisani. Kwaya nimeiacha. Marafiki wa chuo tunaonana harusini na matangani tu. Bosi hanilazimishi kujibu usiku. Ni mimi nisiyeweza kumwacha mtu na hofu yake hadi asubuhi.

Nauliza mnaohudumia watu: mnafanyaje ili kazi ibaki na utamu na nyumbani nako muwepo? Kuacha kazi sitaki.

MzeeWaRuaka
Mwanangu, huruma yako usiiue, ndiyo inayokurudishia wateja. Mimi nimeuza bima miaka mingi. Kilichonisaidia ni kupiga simu mimi kwanza. Kila Jumatatu asubuhi, aliye na fidia inayosubiri nilimweleza imefika wapi, hata kama haijasogea. Anayejua jambo lake lilipo hana sababu ya kukupigia saa nne usiku. Wengi hawatafuti jibu, wanaogopa kwamba wamesahauliwa.

Wakili_Mdogo
Dada, likizo unachukua? Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa angalau siku 21 za kazi zenye malipo kila baada ya miezi 12, na siku 1 ya mapumziko katika kila 7. Omba ya Julai sasa hivi. Ila mtambulishe mwenzako kwa wateja wako mapema, wamjue kwa jina kabla hujaondoka.

MsusiWaUmoja
Sisi tuliojiajiri hatuna Julai. Mteja wa Jumapili ndiye kodi ya nyumba yangu. Nimefunga Jumatatu badala yake, siku hiyo ni ya watoto na mama yangu, na wateja wote wanajua. Usiige wikendi ya watu wengine, tafuta siku ambayo kazi yako inaweza kuiachilia.

MkimbiajiWaKarura
Rudi kwaya, tafadhali. Kupumzika peke yako simu itakushinda, lakini sauti ya pili ikikosekana watu watakutafuta. Sisi Jumamosi asubuhi tunakutana msitu wa Karura, lango la Limuru Road, simu tunaziacha garini, tunakimbia. Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwaka 1999 wakiutetea msitu ule. Mimi naona ni haki yetu kuutumia.

BintiWaKasarani
Asanteni sana. Mzee, umenigusa hapo pa kusahauliwa, nitaanza na hizo simu za Jumatatu. Mazoezi ya kwaya ni Alhamisi na nimeshamwandikia mwalimu. Sasa Juni nitaifanyaje?

MhasibuMwenzako
Juni inapunguzwa Februari, dada. Ritani za mwaka uliopita zinapokelewa tangu Januari. Walioajiriwa wakishapata P9, ile fomu ya mwajiri ya mshahara na ushuru uliokatwa, na wenye duka ambao vitabu vyao viko sawa, wamalize kabla ya Pasaka. Wapigie wewe. Juni utabaki na wale wenye shida ya kweli, na hao ndio unaowapenda. Ikiwa Alhamisi itaangukia tarehe 20, VAT itume Jumatano.