Ushauri: Tasnifu kuhusu Habermas, nianzie wapi?

Mwana_Uzamili: Wakuu, habarini. Nasoma uzamili wa falsafa, mada yangu ni ukuaji wa fikra za mwanafalsafa Mjerumani Jürgen Habermas. Msimamizi hataki orodha ya vitabu, anataka aone fikra zilipogeukia. Kijerumani sijui. Nishike wapi?

Mzee wa Kantini: Mkuu, shika swali moja ulifuate. Kitabu chake cha 1962, kile cha uwanja wa umma, kinasimulia watu wa karne ya 18 waliokutana kwenye nyumba za kahawa za London wakajadili mambo ya dola, hoja ikizidi cheo. Baadaye biashara na matangazo vikauteka uwanja huo, raia akageuzwa mteja. Hapo bado ananukia Adorno, mwalimu wake aliyeona jamii ya kisasa imeoza kila kona. Sasa jiulize: kama kila kitu kimeoza, mkosoaji anasimama wapi? Jibu lake, kwenye kitabu cha 1981, ni kwenye mazungumzo yenyewe. Ukiniambia "ondoka hapa", nina haki ya kuuliza "kwa nini?", na wewe unadaiwa sababu. Tasnifu yako ni njia ya kutoka 1962 kufika hapo.

Binti Fikra: Naunga mkono, ila 1953 usiiruke. Mwanafalsafa Heidegger alichapisha mihadhara yake ya 1935 bila kufuta maneno yanayosifu "ukweli na ukuu wa ndani" wa vuguvugu la Wanazi. Habermas, kijana wa miaka 24 aliyekulia chini ya Hitler, akamtolea uvivu kwenye gazeti la Frankfurter Allgemeine. Kudai sababu hadharani alianza zamani.

Kalamu Nyekundu: Halafu Horkheimer, mkuu wa Taasisi ya Utafiti wa Jamii, hakumtaka pale Frankfurt, alimwona wa mrengo wa kushoto kupita kiasi. Kazi hiyo ya 1962 akaikamilishia Marburg kwa profesa Abendroth. 1964 akarudi Frankfurt kukalia kiti cha uprofesa cha Horkheimer huyohuyo, hahaha!

Binti Fikra: Mweke na Nancy Fraser, mwanafalsafa wa ufeministi aliyeuliza wanawake na wasio na mali walikuwa wapi kwenye hizo nyumba za kahawa. Habermas mwenyewe alikuja kukiri kwamba hapo palikuwa na pengo.

Mzee wa Kantini: Kijerumani kisikutishe, ila miaka ya tafsiri itakuchanganya. Kitabu cha 1981 kilianza kutoka kwa Kiingereza 1984, cha 1962 kikasubiri hadi 1989. Wasomaji wengi wa Kiingereza walimjua mzee kabla ya kijana. Wewe fuata miaka ya Kijerumani.

Mwana_Uzamili: Shukrani sana wakuu. Na kile cha sheria cha 1992?

Kalamu Nyekundu: Kurasa tano, mwishoni. Ukizidisha utahitaji tasnifu nyingine.