A-10 katika War Thunder: nakosea wapi?

Swali: Hamjambo wenzangu. Hapa Buruburu kila ninaporusha A-10, ile ndege ya kushambulia ardhini, katika mchezo wa video wa War Thunder, natunguliwa mapema, kwa kuwa nashuka chini kuvipiga vifaru kwa mzinga wake wa milimita 30. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, mzinga huo wa mitutu 7 unavutia mno, lakini unakulazimisha kuielekeza pua ya ndege kwenye kifaru huku mizinga ya kutungulia ndege ikikulenga. Anza na kombora la Maverick ukiwa mbali: likishakamata shabaha, lifyatue, kisha geuka mara moja, kwani hujiongoza lenyewe.

Jibu: Naongezea kwamba A-10 haifikii kasi ya sauti, kwa hiyo jifiche nyuma ya vilima.

Muulizaji: Nimejaribu. Vifaru viwili vimewaka, nami nimerudi uwanjani bawa likiwa limetobolewa. Asanteni sana.