Kenneth: 215 au 230 km kwa saa? Tufuate kipimo kipi?

mwl_mikindani
Wakuu, naandaa mada ya maafa kwa kamati ya kata. Kimbunga Kenneth (Aprili 2019) wengine wanakiandikia 215, wengine 230 na "daraja la 4". Kipi sahihi? Na daraja linatosha kukadiria madhara?

kusi_na_kaskazi
Vyote, mkuu. Kituo cha hali ya hewa cha kisiwa cha Réunion, chenye dhamana ya bahari yetu, kinachukua wastani wa upepo wa dakika 10. Wamarekani dakika 1, kwa hiyo namba yao huwa kubwa. Baharini, ukizidisha ya dakika 1 kwa 0.93 unapata ya dakika 10: 230 × 0.93 = 214. Ndiyo ileile.

Madaraja 1–5 ya Saffir-Simpson ni ya Marekani: la 1 linaanzia km 119 kwa saa, la 3 linaanzia 178, la 4 linaanzia 209, la 5 linaanzia 252. Réunion wanatumia majina: dhoruba ya wastani 63–88, dhoruba kali 89–117, kimbunga 118–165, kimbunga kikali 166–212, juu ya hapo kikali sana. Usichanganye majedwali. Ukiichukua 200 ya Réunion ukasoma jedwali la Marekani utasema daraja la 3, kumbe ukigawa kwa 0.93 ni 215, daraja la 4.

papi_na_kenchi
Kuhusu madhara, daraja linapima upepo tu. Kasi ikiwa maradufu, nguvu inayong'oa bati ni mara nne, kwa hiyo kwa mapaa linasaidia. Mvua haimo, na kina cha maji ya bahari yanayosukumwa na kimbunga kiliondolewa kwenye madaraja hayo 2010. Kimbunga Hidaya, Mei 2024, kilifika Mafia kimeshapungua nguvu, bado mafuriko yakakata barabara ya Dar–Lindi pale Somanga.

Tazama pia mko upande gani wa jicho, yaani kitovu cha kimbunga. Huku kusini mwa ikweta upepo wa kimbunga unafuata mishale ya saa. Kikitoka mashariki, walio kusini mwa jicho ndio wanaosukumiwa bahari. Kaskazini upepo unatoka bara. Kenneth kilipiga Cabo Delgado, Msumbiji, Mtwara ikawa kaskazini. Kingeingilia Lindi, hesabu ingegeuka.

mwl_mikindani
Kwa hiyo kaskazini ni salama?

papi_na_kenchi
Hapana, mwalimu. Mvua haichagui upande, na jicho likihama kilomita 100 mnajikuta kusini. Kwa Mikindani angalia na kalenda ya maji: kikifika saa ya maji kujaa wakati wa bamvua (siku maji yanapojaa sana), maji yanapanda juu zaidi kuliko kikikuta maji mafu (siku yanapojaa kidogo), hata upepo ukiwa uleule.

kusi_na_kaskazi
Na kwenye mada yako, kila namba ya upepo iandikie "dakika 1" au "dakika 10" pembeni.