Makovu ya chunusi yenye mashimo, sindano zinasaidia kweli?

Wakuu habari, chunusi zilishaniacha ila mashavu yamebaki na mashimo mashimo, nimepaka kila krimu wapi, sasa nasikia kuna kuchomwa visindano usoni, aliyewahi kufanya anipe mwanga, nilikua nataka ninunue ile rola ya visindano nijifanyie mwenyewe

Jibu 1
Rola achana nayo mkuu, zile za nyumbani sindano zake ni fupi haziwezi kufika kwenye kovu, na ukikandamiza unajichana tu na kujipa infeksheni. Kwa daktari sindano inaingia mpaka kama milimita 1.5 hivi au zaidi, ngozi inajiponya kwa kutengeneza kolajeni mpya (protini inayoipa ngozi uimara), ndo shimo linapanda taratibu. Mimi nilifanya mara 4, kila baada ya wiki 6, uso unakua mwekundu siku mbili tatu. Hayajaisha ila yamepungua sana

Jibu 2
Inategemea na aina ya shimo dada/kaka. Yale mapana yenye bondebonde yamevutwa na nyuzi za kovu kwa chini, kuna sindano inapitishwa chini ya ngozi kuzikata. Vitundu vyembamba vinavyoenda chini sana, visindano vile havivigusi sana, huwa wanadondoshea asidi kali ndani ya kitundu

Jibu 3
Kama una asili ya kupata makovu ya kuvimba mwambie daktari mapema!! Na paka sanskrini (krimu ya kuzuia jua) kila siku la sivyo utabaki na madoa

Muuliza swali
Duh asanteni, rola nimeghairi