Kitasa cha chumbani kinalegea kila baada ya wiki mbili, naomba ushauri

Mwana_Isyesye:
Wakuu, heshima kwenu. Nimepanga huku Isyesye, Mbeya. Mlango wa chumbani una kitasa cha duara, kile cha kuzungusha. Kimelegea. Nakaza skrubu kwa ncha ya kisu, kinatulia wiki mbili, halafu kinaanza tena kucheza kama jino bovu.

Ningeendelea kuvumilia, ila Jumamosi mama mkwe alikuja kutoka Tukuyu na mkungu wake wa ndizi, tukampisha chumba. Asubuhi anataka kutoka, mlango mgumu kama kawaida yake, nikamwambia "subiri mama, navuta." Nikavuta. Kishikio cha nje kikabaki mkononi mwangu pamoja na chuma chake cha katikati, cha ndani kikadondokea upande wake. Ilinichukua dakika kumi nzima kuelewa kwamba ningerudisha tu kile chuma kwenye tundu nizungushe. Fundi niliyemuuliza anataka 40,000 aweke kitasa kipya. Nimpe?

Fundi_wa_Mwanjelwa:
Usimpe bado. Na hicho kisu kirudishe jikoni, kinakula vichwa vya skrubu. Tafuta bisibisi ya nyota inayoingia sawasawa.

Kitasa cha duara kinashikwa na skrubu mbili ndefu zinazotoka upande wa ndani mpaka wa nje. Hizo hazing'ati mbao, zinavuta vipande viwili viubane mlango katikati. Kaza ya kwanza kidogo, hamia ya pili, rudi ya kwanza. Ukiimaliza moja kabla ya nyingine kitasa kinakaa upande. Kama skrubu huzioni, angalia shingoni mwa kishikio cha ndani, kuna kitundu kidogo. Bonyeza humo kwa msumari mwembamba huku unavuta, kishikio kitatoka, kisha bandua lile bati la duara. Skrubu ziko chini yake.

Usikaze kwa hasira. Kama mlango ni wa plaiwudi wenye uwazi ndani utabonyea, na kitasa kitagoma kurudi chenyewe ukikizungusha.

Dada_wa_Forest:
Mimi changu nilimwagia supagluu nikapona 😅

Fundi_wa_Mwanjelwa:
Dada, siku ukitaka kubadilisha hicho kitasa utakata mlango. Bora tone la rangi ya kucha kwenye meno ya skrubu kabla ya kukaza. Inazuia isijifungue, na bisibisi bado inaitoa.

Mpangaji_Iyunga:
Kabla ya yote mwambie mwenye nyumba. Mimi nilitengeneza kimyakimya, siku ya kuhama nikaambiwa nimeharibu mlango.

Babu_Mafinga:
Kamwene vijana. Mbona hakuna aliyeuliza kuhusu huo mlango "mgumu kama kawaida yake"? Wewe Mwana_Isyesye, ukitaka kuufunga, unaunyanyua kidogo?

Mwana_Isyesye:
Ndiyo babu, unaunyanyua halafu unausukuma na goti. Tumeshazoea.

Babu_Mafinga:
Basi kitasa unakionea. Kinalegea kwa sababu mnakitumia kubebea mlango. Bawaba ya juu imelegea, mlango umeinama upande wa kitasa, ule ulimi unagonga chini ya tundu lake kwenye fremu. Kila mnapofungua mnavuta na kunyanyua kwa kishikio kilichoumbwa kuzungushwa tu. Hata ukinunua kipya utarudi hapa.

Fungua mlango nusu, unyanyue taratibu huku mwenzio anatazama bawaba. Ikicheza, ndiyo hiyo. Mimi naishi jirani na mipaini ya Sao Hill, mbao zake nazijua: ni laini, na mlango ukiundwa kabla mbao hazijakauka, tundu la skrubu linapanuka mapema. Kukaza peke yake hakusaidii, skrubu itazunguka bure.

Weka kabari chini ya mlango usining'inie. Toa skrubu za bawaba ya juu, moja moja. Chovya njiti za kiberiti, zilizokatwa vichwa, kwenye gundi ya mbao, zishindilie tunduni mpaka zijae, kata zinazochomoza. Acha mpaka kesho. Na mvua hizi za kwenu gundi haikauki haraka, usije ukadanganyika kwa kuigusa juu juu. Kisha rudisha skrubu. Usimruhusu mtu arande mlango sasa hivi. Mbao imevimba kwa unyevu, kiangazi itasinyaa ubaki na mwanya wa kupitisha panya.

Dada_wa_Forest:
Mama mkwe alisemaje lakini?

Mwana_Isyesye:
Hakusema kitu. Hiyo ndiyo inaninyima usingizi.

Mwana_Isyesye:
Mrejesho. Babu, ndaga fijo. Bawaba ya juu skrubu mbili kati ya tatu nilizitoa kwa vidole. Nimetumia njiti na gundi, nikasubiri siku mbili kabisa. Mlango sasa unafunga kwa kidole kimoja, tena ulimi unaingia wenyewe "kla!" Ndipo nikakaza kitasa kwa zamu, na rangi ya kucha ya mke wangu (nyekundu, ameshagundua). Leo siku ya tisa hakijacheza. Gundi tu ndiyo nimenunua, bisibisi ni ya jirani.

Mama mkwe anarudi mwezi ujao. Ametuma salamu kwamba atalala chumba kile kile, ila mlango ubaki wazi.